Plaizi Shingoni mwa Naeku

Katika boma la Rubeni, kwenye nyika kavu chini ya Hedaru, punda hasemwi vibaya, maana ndiye anayebeba maji. Kwa hiyo asubuhi ile punda aliporusha teke pale lamboni na kumpata Lemayian tayani, hakuna aliyemlaani. Watu walimlaani nyigu aliyemchoma punda chini ya mkia wakati kijana ameinama kukaza kamba za madumu.

Naeku, mama yake, hakupata nafasi ya kumlaani hata huyo nyigu. Alimwona mwanawe akija polepole, ameushika uso kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kibuyu kilichopasuka na hataki maziwa yamwagike. Kijana wa miaka kumi na minane, mrefu kuliko baba yake, anayeweza kumsimamisha fahali kwa mluzi. Alipojaribu kumwita "yeyo", yaani mama, neno lilitoka limepinda, na meno ya chini yakaonekana yamekaa upande kama mlango uliong'oka bawaba.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Naeku. Na Rubeni, mumewe, alikuwa mbali pamoja na ng'ombe, upande wa bwawa la Nyumba ya Mungu kutafuta majani, kwa hiyo hofu ile hakuwa na wa kugawana naye.

Hospitalini mjini Same walipokewa na daktari wa kinywa aliyeitwa Elirehema, kijana wa milimani mwenye sauti ndogo na mikono mikubwa. Aliinua picha ya eksirei dirishani, mwanga wa jua ukapita kwenye mifupa ya mwana wa Naeku.

"Taya limevunjika mahali pawili, mama. Hapa chini ya sikio ni ufa tu, patapona penyewe. Lakini hapa mbele mfupa umeachana. Nitapasua kidogo chini ya kidevu, niuunganishe kwa waya nyembamba. Kisha nitayafunga meno ya juu na ya chini pamoja."

"Pamoja namna gani?"

"Mguu ukivunjika tunaufunga plasta ili usitembee. Taya nalo lazima lisitembee. Plasta yake ni meno yake mwenyewe."

"Afunge mdomo?"

"Afunge mdomo kwa wiki sita."

Naeku alimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Atakula nini, daktari?"

"Chochote kinachotiririka. Maziwa, uji mwepesi, supu iliyochujwa. Kidogo kidogo, mara nyingi, amekaa wima. Asishibe mpaka tumbo likawa zito." Kisha daktari akainama, akaifunua midomo ya Lemayian kwa vidole viwili, akatabasamu. "Nani aliyeng'oa haya mawili ya chini?"

Naeku akaangalia sakafu. Kwao mtoto aling'olewa meno mawili ya mbele, ya chini, ili siku ugonjwa ukimfunga taya, maziwa yapate njia. Yeye mwenyewe aling'olewa. Lakini baada ya kubatizwa alikuwa ameapa kwamba mwanawe hatang'olewa, ataingia shule na meno yake yote. Siku moja alikwenda gulioni Hedaru kuuza maziwa. Aliporudi alimkuta mtoto amekaa mapajani mwa bibi yake, mdomo umevimba, analamba asali. Naeku na mama mkwe wake hawakugombana siku ile. Waliacha tu kuota moto mmoja, na miaka ikapita hivyo, kila mmoja na jiko lake.

"Bibi yake," Naeku alijibu.

"Basi mfikishie bibi salamu zangu, umwambie ahsante. Mrija utapita hapa bila taabu."

Naeku aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni alijua kwamba salamu hizo hatazifikisha.

Siku ya upasuaji alikaa kwenye benchi nje, ameipa mgongo milima. Wingu lilikuwa limekaa juu ya Upare, jeupe na zito, nalo halikuwa na habari naye. Alikuwa amesikia habari za nusu kaputi, ule usingizi wa dawa, na za mtu wa Makanya ambaye inasemekana alilazwa nao hakuamka. Naeku alijua kuchinja. Alijua kumgeuza ndama tumboni mwa mama yake. Lakini hajawahi kumkabidhi mtu kisu na mwanawe kwa pamoja. Alijaribu kusali, maneno yakamkimbia, akabaki anasema tu, "Baba, unamwona. Baba, unamwona."

Walipomtoa, uso ulikuwa umevimba kama wa mtu mwingine. Chini ya kidevu palikuwa na bandeji. Nyuma ya midomo, meno yalikuwa yamefungwa kwa nyuzi za waya zinazong'aa, kama lango la zizi linavyofungwa jioni. Lango la zizi hufungwa ili fisi asiingie. Naeku akajiuliza, hili sasa limefungwa ili nini kisitoke? Akasogeza sikio puani mwa mwanawe, akasikiliza pumzi. Ilikuwepo. Akasikiliza tena.

Jibu la swali lake lilikuja siku ya kuruhusiwa, nalo lililetwa na nesi Hedwiga. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka Suji, aliyevaa sweta juu ya sare hata katika joto la Same.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, Mama Lemayian. Kaa hapa. Leo nakupa kazi, na kazi hii ni yako peke yako." Akaweka mezani plaizi ndogo yenye mdomo mkali, na kando yake meno ya plasta ya kufundishia, yamefungwa waya vilevile kama ya Lemayian. "Tazama. Waya hizi zinazolala usiziguse, hizi zimekumbatia meno. Hizi zinazosimama, kutoka juu kuja chini, ndizo zinazofunga. Ziko nne. Mbili kushoto, mbili kulia. Unaziona?"

"Naziona."

"Siku akitapika, la kwanza ni kumwinamisha. Kichwa chini kabisa, kila kitu kitoke kwa pale kwenye mwanya na pembeni ya mashavu. Mara nyingi hapo panatosha. Lakini ukiona hapumui, ukiona midomo inageuka rangi, usinipigie simu kwanza. Usimwite mchungaji kwanza. Kata hizi nne."

Naeku akaitazama plaizi. "Nikikata, na mfupa je?"

"Mfupa tutaufunga tena. Pumzi ikikatika, hatuna waya ya kuiunga."

Akampa plaizi. Naeku akaishika kama mtu aliyepewa nyoka aliyelala. Alipoisogeza kwenye meno ya plasta mkono ulianza kutetemeka, ncha ikateleza, ikakata waya inayolala. Akajaribu tena, plaizi ikamponyoka ikaanguka sakafuni, na wagonjwa wote wodini wakageuka.

"Mkono wangu unaogopa, nesi."

"Uache uogope. Mimi sijakuambia usiogope. Nimekuambia ukate." Hedwiga aliokota plaizi, akaifuta, akaifunga kamba, akamvisha Naeku shingoni juu ya shanga zake. "Na hii ni mali yangu, si ya serikali, kwa hiyo irudi. Unajua Wapare tunavyosemwa kwa ubahili wa vitu vyetu. Nitashuka mpaka bomani kwako kuifuata."

Lemayian akacheka puani. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu teke lile, na Naeku akakiogopa nacho, asije akapaliwa.

Basi wakarudi nyumbani. Desturi ni kijana kuinamisha kichwa mbele ya mkubwa, na mkubwa kumwekea mkono utosini. Lemayian alipofika mbele ya bibi yake, ambaye boma zima lilimwita Koko, aliinamisha kichwa. Koko aliunyosha mkono, akaurudisha. Ule uso uliovimba na waya zile vilimshinda. Akamsalimu kwa maneno tu, na kijana akabaki ameinama kidogo zaidi ya kawaida, akisubiri kitu ambacho hakikuja.

Siku zikawa ndefu. Naeku alimkamulia mwanawe maziwa, akayachuja, akayapitisha kwa mrija kwenye ule mwanya. Lemayian alijifunza kusema kwa meno yaliyofungwa, maneno yakitoka yamebanwa, lakini mluzi haukuwezekana. Ndama wake aliowazoeza walisimama langoni wakimtazama, hawaelewi kwa nini haiti. Naeku naye alitembea na plaizi. Alikamua nayo, alichota maji nayo, alilala nayo ikimchoma kifuani. Mwanawe akikohoa tu, yeye alikuwa amekwisha kusimama.

"Shemeji, hizo shanga za chuma ni mtindo wa wapi?" alimtania Kaleb, mdogo wake Rubeni, aliyekuwa na pikipiki na ulimi usiotulia. "Nazitaka kwa mchumba wangu."

"Za Suji."

"Niazime basi, nikaze waya ya klachi. Dakika moja tu."

"Siazimi."

"Umekuwa Mpare kabisa."

"Nimekuwa. Nenda Hedaru ukaazime huko."

Kaleb aliondoka akicheka. Lemayian, chini ya kivuli cha ukuta, akasema kwa meno yake yaliyofungwa, "Yeyo, mpe tu. Mimi sifi leo."

"Usinitajie hilo neno," Naeku alisema, na sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka.

Kilichomtia Naeku hofu mpya ni mbavu. Uvimbe wa uso ulipopungua, mwili nao ukapungua pamoja nao. Shuka la Lemayian lilianza kuteleza begani. Ukimtazama kwa nyuma ungedhani ni mtoto. Na hapo ndipo Koko, ambaye tangu waliporudi alikuwa anatazama kutoka mlangoni kwake bila kusema, alipovuka uwanja na kuja kusimama mbele ya jiko la Naeku, mahali ambapo hajakanyaga kwa miaka.

"Mtoto anakauka," alisema Koko.

"Naona, Koko."

"Mtu akivunjika mfupa anachinjiwa kondoo. Anapewa mafuta ya mkia. Hata wewe ulipojifungua huyu nilikupa, ukasimama."

"Ulinipa," alikubali Naeku.

"Nesi alikataza?"

Naeku akafikiri. Akayapitia maneno ya daktari na ya nesi, moja moja, kama mtu anayehesabu mbuzi langoni. Maziwa, uji, supu. Chochote kinachotiririka. Mafuta ya kondoo yakiwa moto hutiririka kuliko maziwa. Kukataa kungekuwa kumfukuza mama huyu mzee mara ya pili, na wakati huu bila kosa lolote.

"Hakukataza," alisema. "Alisema kinachotiririka."

Kondoo akachinjwa. Mkia wake mnene ukayeyushwa kwa moto wa taratibu, harufu ikajaa boma zima, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi wanawake wale wawili waliinama juu ya sufuria moja. Koko alikoroga, Naeku alichuja. Hawakusemezana mengi. "Punguza kuni." "Nipe kitambaa hicho." Lakini Naeku alipotazama pembeni aliona Koko anatabasamu kidogo kidogo, peke yake, na moyo wake mwenyewe ukalainika kama yale mafuta.

Lemayian alikuwa amekunywa maziwa muda si mrefu. Naeku akashika kikombe, mrija ukaingia mwanyani. Akasema, "Kidogo kidogo." Kijana akanywa, akafumba macho kwa utamu. Kwa siku nyingi hajaonja kitu chenye uzito. Kikombe kikaisha.

"Kingine," akasema.

"Subiri kwanza."

"Yeyo, njaa inaniuma. Kingine."

Koko akamtazama Naeku. Kaleb, aliyekuja kufuata nyama, akamtazama Naeku. Na Naeku, ambaye amekuwa akiogopa kila kitu, kwa mara moja alichoka kuogopa. Akajaza kikombe cha pili. Kisha kijana akajimiminia mwenyewe kutoka kwenye jagi, na hakuna aliyemzuia, maana nani anayemzuia mgonjwa anayekula?

Jua lilikuwa limeanza kuelekea alasiri, upepo wa baridi ya Julai unashuka kutoka milimani. Lemayian alikuwa amejilaza kivulini. Naeku alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga aliposikia sauti ndogo, kama mbwa anayetaka kubweka ndani ya ndoto. Akageuka.

Mwanawe alikuwa ameketi, macho yamemtoka, mkono mmoja umeshika tumbo na mwingine unapapasa hewa. Kifua kilipanda, kikashuka, kikapanda. Mashavu yakajaa.

Naeku alirusha sufuria. Hakujua amefikaje pale. La kwanza, mwinamishe. Alimshika kisogo akamsukuma mbele, lakini kijana, kwa woga, alikuwa anavuta kichwa nyuma, anatafuta hewa juu, na alikuwa na nguvu kuliko yeye.

"Inama, mwanangu. Inama."

Hakuinama. Ndipo Koko alipotokea, mzee yule mwembamba, akaketi chini mbele yake, miguu imenyooka, akamvuta kwa masikio yote mawili kama ndama, akamlaza kifudifudi mapajani mwake. Mapaja yaleyale ya siku ile ya meno na asali. Akachomeka kidole ndani ya midomo, akaufungua mwanya.

Mafuta yakatoka. Yalitoka kwa mkondo wa njano, ya moto, yakilowesha nguo ya Koko, na baada ya mafuta ikapita pumzi, nyembamba, inayolia kama mlango. Naeku akashusha bega. Inatosha, alifikiri. Nesi alisema mara nyingi panatosha.

Halafu yakaja maziwa. Lakini maziwa yaliyokaa tumboni si maziwa tena. Yalikuwa yameganda, yakaja mabonge, na bonge la kwanza likakaa mwanyani kama kizibo. Koko akalichokoa, likaja jingine. Ile pumzi nyembamba ikakatika.

"Haitoki," alisema Koko. "Naeku, haitoki."

Mgongo wa Lemayian ukajikunja. Miguu ikaanza kupiga ardhi. Naeku alimgeuza uso, akaona midomo ya mwanawe inaingia rangi ya majivu, kisha rangi ambayo hajaiona kwa mtu aliye hai. Kaleb alikuwa amesimama na nyama mkononi, mdomo wazi.

Plaizi ilikuwa shingoni. Kamba haikutaka kupita kichwani, ikanasa kwenye shanga, akaivuta ikakatika pamoja na shanga, zikatawanyika mavumbini. Mkono ulitetemeka. Ulitetemeka kuliko hata siku ile ya wodini, na mafuta yalikifanya chuma kiteleze kama samaki. Akakifuta kwenye shuka, kikateleza tena.

Mkono wangu unaogopa.

Uache uogope.

Akafunua shavu la kushoto kwa vidole. Waya zilikuwa zimefunikwa na mafuta na maziwa, hakuziona, akazipapasa kwa ncha ya kidole. Inayolala. Inayolala. Inayosimama. Akaingiza mdomo wa plaizi, na kwa nusu ya pumzi akajiona anamvunja mwanawe taya kwa mkono wake mwenyewe, akauona ule mfupa unaachana tena, ile kazi yote ya daktari, benchi lile, sala ile. Akakata.

Sauti ilikuwa ndogo mno. *Tik.* Hakuamini kwamba ndiyo hiyo. Akapapasa, akaipata ya pili. Akakata. Upande wa kulia waya moja ilikuwa imejificha nyuma ya mdomo. Alipoivuta alimchana, damu ikaja, akakata. Ya nne ilikataa. Plaizi iliiuma bila kuikata. Akaibana kwa mikono yote miwili, meno yake mwenyewe yamekazana, akabana mpaka akasikia maumivu viganjani.

Taya likaachia.

Koko akaingiza vidole viwili mpaka kooni, akatoa bonge kubwa kama ngumi ya mtoto mchanga, akalitupa. Kisha Lemayian akavuta hewa kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, sauti ambayo Naeku tangu siku hiyo hajui ipi nzuri kuizidi. Akakohoa, akatapika tena, safari hii kwa mdomo wazi, akavuta hewa, akalia kama mtoto.

"Yeyo," alisema. Neno lilikuwa limepinda, kama siku ile ya punda.

Naeku aliposikia lilivyopinda, hofu ikageuka upande wa pili. Sasa amepona kufa, je, nimemharibu? Akachana kipande cha shuka, akamzungushia kutoka chini ya kidevu mpaka utosini, akafunga fundo, taya lisining'inie. Akampigia kelele Kaleb alete pikipiki, na Kaleb, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikimbia bila neno.

Kabla hawajaondoka, Naeku alirudi alipokuwa Koko. Mzee alikuwa bado ameketi palepale, nguo imelowa mafuta, mikono imelala mapajani.

"Ni mimi niliyempa," alisema Koko. "Mafuta ni yangu."

"Nilishika kikombe mimi." Naeku akachuchumaa. Hakuwa na muda, lakini neno lile alikuwa amelibeba tangu Same, na akaona likibaki tumboni nalo litaganda. "Koko, daktari alikusalimu. Alipoona ule mwanya. Alisema nikuambie ahsante."

Koko akamtazama. "Alisema lini?"

"Siku ya kwanza."

"Na wewe ukakaa na salamu zangu."

"Nikakaa nazo."

"Una kichwa kigumu," alisema Koko, akainuka kwa kushika bega la mkwewe. Akatembea mpaka pikipikini, akauweka mkono wake wenye harufu ya mafuta juu ya utosi wa mjukuu wake, juu ya fundo la shuka, akautuliza pale. Lemayian akafumba macho.

Njia ya kutoka bomani mpaka barabara kuu ni mawe na makorongo. Kaleb mbele, Lemayian katikati, Naeku nyuma ameukumbatia uso wa mwanawe kwa mikono miwili, kila shimo likimpiga yeye moyoni kabla halijampiga kijana tayani. Hedaru waliiacha pikipiki dukani kwa rafiki wa Kaleb, wakapanda basi la kwanza linaloelekea Same. Abiria mmoja aliuliza kijana ana nini. Kaleb akajibu, "Ameumwa na kondoo," na hakuna aliyecheka, hata yeye.

Nesi Hedwiga ndiye aliyewaona wakiingia. Alitazama fundo, akatazama damu mdomoni, akatazama mikono ya Naeku. Hakuuliza kwanza. Alimlaza Lemayian, akafunua midomo kwa kijiti, akahesabu kwa macho waya zilizokatwa.

"Alikunywa nini?"

"Mafuta ya mkia wa kondoo."

"Kikombe?"

"Jagi," alisema Naeku, machozi yakaanza kumtoka. "Mlisema kinachotiririka, nesi."

"Tulisema," alijibu Hedwiga. "Lakini mama, hata mimi mzima ningetapika. Kuanzia leo mafuta ni kijiko."

Daktari Elirehema alikuja akapapasa lile kovu chini ya kidevu kwa vidole vyake vikubwa, taratibu, kama anayesoma gizani. Akamwambia Lemayian aume polepole. Akampeleka eksirei, akairudisha picha, akaisimamisha dirishani. Naeku hakuitazama picha. Alimtazama daktari usoni, akitafuta pale habari ya mfupa.

"Waya ya ndani imeshika," daktari alisema. "Mfupa umesogea kidogo sana, nitaurudisha. Tutafunga tena kesho, kwa sindano ya ganzi tu, bila kumlaza usingizi." Akainama, akatazama tena ndani ya kinywa. "Nani alikata?"

Kaleb akamnyooshea shemeji yake kidole.

"Umekata zinazosimama zote nne," alisema daktari. "Hujagusa inayolala hata moja."

Naeku alisikia maneno yale, lakini hayakuingia. Kilichoingia ni neno moja alilosema daktari kabla: kesho. Kesho lango litafungwa tena, na atarudi naye nyikani, na itabidi alale tena akisikiliza. Alidhani jambo hili likimtokea mtu mara moja hofu yake huisha. Kumbe hofu yake ilikuwa imekaa palepale, inamsubiri.

Hedwiga akanyosha mkono. "Nipe plaizi niitazame makali yake. Naona ya nne ilikusumbua."

Naeku alipapasa shingoni, akakuta hakuna kamba wala shanga. Ilikuwa mkononi mwake. Ilikuwa mkononi tangu bomani. Ameishika pikipikini, ameishika kwenye basi, vidole vimeganda juu yake. Hedwiga ilibidi avifungue kimoja kimoja. Akatoa plaizi nyingine kabatini, mpya, kali zaidi, akaifunga kamba.

"Hii nayo ni yangu," alisema kwa upole.

Naeku hakuipokea. Alikuwa anatazama juu ya kabati, kule yalikokuwa yale meno ya plasta.

"Nesi, naomba uyashushe yale. Uyafunge waya."

"Mama, umekwisha kukata za kweli."

"Najua. Yafunge tu."

Hedwiga akayashusha, akakaa, akayafunga waya nne zinazosimama bila kuharakisha. Lemayian, kitandani, na shuka la mama yake bado limemzunguka uso, aligeuza kichwa apate kuona. Naeku akashika plaizi mpya. Mkono ukaanza kutetemeka palepale, kama uliokuwa unaisubiri. Akauacha utetemeke. Akakata ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Tena," alisema.